Mama Povu na Sahani za Wageni

Kwa miaka ishirini na mitatu mwanamke huyu aliosha vyombo vya hoteli moja kubwa, na katika miaka yote hiyo hakuna mgeni hata mmoja aliyewahi kuuona uso wake. Waliona kazi yake tu: sahani inayong'aa, kijiko kisicho na alama ya kidole, glasi safi mpaka unasahau kama ipo. Mwenyewe alikuwa nyuma ya jiko, kwenye chumba kisicho na dirisha, mbele ya sinki tatu zilizopangwa mstari. Ya kwanza ya sabuni, ya pili ya kusuuzia, ya tatu ya maji ya moto yaliyotiwa dawa, moto wa kukufanya umwite mama yako kila unapotumbukiza mkono. Wenzake walimwita Mama Povu, kwa sababu hakukuwa na siku aliyotoka kazini bila tone la povu kwenye nyusi.

Alikuwa na mdomo, na alikuwa mcheshi. Aliwaambia wahudumu kwamba yeye anawajua wageni kuliko wao wanaowainamia mezani. "Nileteeni sahani tu," alisema. "Nitawaambia nani kagombana na mkewe na nani hana meno." Lakini mikono yake ilikuwa imeharibika. Ngozi ilipasuka kwenye vifundo, ikapona, ikapasuka tena, na kucha zikawa laini kama karatasi iliyolowa. Kila asubuhi aliipaka mikono mafuta mazito kabla ya kuondoka, na kila jioni alirudi nayo imekauka vilevile.

Mwaka wake wa tisa kazini, hoteli ilipata wenyewe wapya. Wakaleta sahani mpya za pembe nne, na zile za zamani wakaamua kuzitupa. Zilikuwa za kauri, rangi ya maziwa, zenye mstari mwembamba wa buluu ukingoni, na chini ya kila moja palichorwa ndege mdogo. Mtunza stoo akawaambia wafanyakazi kila mtu achukue anachotaka kabla lori halijaja. Wengine waligombania masufuria na viti. Mama Povu alichukua sahani, thelathini na mbili, pamoja na mabakuli yake. Alizibeba kwa siku tisa, chache chache, zimeviringishwa ndani ya sare zake za kazi, na hakuna hata moja iliyopata ufa njiani.

Wakati huo alikuwa mjane. Mumewe, dereva wa lori, alifariki barabarani akamwachia watoto wawili, mvulana na msichana, na mtu aliyembakia upande wa mume alikuwa shemeji yake, seremala, ambaye watoto walimwita Baba Mkubwa. Seremala alipoziona zile sahani akajitolea kutengeneza kabati la vioo lenye kufuli.

"Kufuli la nini, shemeji?" Mama Povu alimuuliza. "Nitengenezee rafu. Iwe wazi, iwe karibu na jiko, na iwe chini, watoto waifikie."

Majirani walishangaa. Vyombo kama vile, walisema, ni vya kutolewa mgeni akija. Mama Povu hakutafuna maneno. "Wageni nimewaoshea vya kutosha. Sasa ni zamu ya wanangu." Na kweli, watoto wake wakanywa uji wao wa asubuhi ndani ya mabakuli ya hoteli, wakala maharage kwenye sahani ambazo zamani zilibebwa na watu waliovaa glavu nyeupe. Zilipovunjika, na chache zilivunjika, alisema neno moja tu: "Fagia, usijikate."

Mvulana akakua. Nyumbani waliendelea kumwita Mkubwa, kwa kuwa ni mtoto wa kwanza, hata alipovaa tai. Alisoma, akaajiriwa na kampuni ya bima, akapanda cheo, akaoa binti wa mwalimu mstaafu, akapanga nyumba yenye sebule pana na ua wa nyuma wenye ukuta. Msichana akawa msusi. Mama Povu alistaafu na mikono yake, akabaki kwenye vyumba vyake viwili. Kwa miaka mingi sikukuu ilifanyika hapo hapo kwake, watu wakibanana kama njugu ndani ya ganda, kila mtu na sahani ya kauri mapajani.

Mwaka huo Mkubwa alikuja wiki mbili kabla.

"Mama, safari hii sikukuu iwe kwangu. Bosi wangu atakuja na mkewe. Nilikuwa naomba... zile sahani zako, zote."

Mama Povu alifurahi kupita kiasi. Zilikuwa zimebaki ishirini na sita. Zilikuwa safi, lakini aliziosha upya, akazisuuza, akazifuta moja moja kwa kitambaa kikavu, akazipanga katika maboksi mawili na magazeti katikati. Kwa majirani alijidai siku nzima. "Mwanangu ana vyombo vya dukani vimejaa kabati," aliwaambia, "lakini kwa ajili ya bosi ameona si vitu. Kaja kuchukua vya mama yake."

Siku yenyewe alifika mapema, amevaa gauni lake la zambarau na viatu vya kufunga. Alikuja na Baba Mkubwa, ambaye sasa alikuwa mzee mwenye goti bovu, na suti yake moja ya kahawia aliyoivaa harusini na misibani. Msusi alikuwa ameshafika. Kulikuwa pia na mdogo wake Mama Povu, muuza mboga, na watoto wake, na binamu wawili watatu waliotoka shambani na mabegi yao.

Mkubwa aliwapokea mlangoni, akawasalimia upesi upesi huku akitazama saa, akawapitisha pembeni mwa nyumba hadi uani. "Huku kuna upepo," alisema. "Ndani joto." Uani palikuwa na mkeka, benchi mbili na meza ya kukunja. Mama Povu hakuona ubaya. Nyumba ina watu wengi, alijiambia, na upepo kweli upo.

Mkwewe, mke wa Mkubwa, alikuwa akitoka na kuingia jikoni, uso umemkaza, hamtazami mtu machoni. Mama Povu alipoinuka kumsaidia akamwambia, "Kaa tu, Mama, kaa," kwa sauti ndogo kama ya mtu mwenye jino bovu.

Gari la bosi likasikika mbele. Sauti zikaingia sebuleni, viti vikasogezwa, vicheko vya kistaarabu vikaanza. Punde chakula kikaletwa uani: wali, kuku wa mchuzi, mboga. Na pamoja nacho, rundo la sahani za kutupa, zile nyeupe nyembamba za plastiki ambazo ukipuliza zinaruka.

Mama Povu alilitazama lile rundo. Akahesabu watu kwa macho. Uani walikuwa kumi na mmoja. Ndani, kwa sauti alizozisikia, hawakuzidi wanane. Sahani zilikuwa ishirini na sita. Hesabu hiyo hata mtoto wa chekechea angeifanya.

"Labda nyingine wataleta," alimnong'oneza mdogo wake.

"Labda," alijibu muuza mboga, lakini alishaanza kupakua.

Baba Mkubwa alipewa yake kwanza kwa heshima ya umri. Aliishika kwa mikono miwili, na mikono ile siku hizo ilitetemeka kidogo. Mchuzi ulikuwa wa moto. Plastiki ikalegea katikati, ikajikunja kama ulimi, na chakula chote kikammwagikia mapajani. Mzee aliruka, goti likamsaliti, akakaa tena kwa kishindo. Hakupiga kelele. Alisema tu, "Samahani, jamani, samahani," kana kwamba yeye ndiye mwenye kosa, akaanza kuokota punje za wali kwenye suruali ya suti yake moja.

Hapo ndipo damu ilianza kumchemka Mama Povu. Mwanamume huyu ndiye aliyemlea Mkubwa baada ya msiba. Alimtengenezea kitanda, akamtengenezea meza ya kusomea, akaenda shuleni kila alipoitwa mzazi. Na leo ameketi kwenye benchi nyuma ya nyumba, anaomba radhi kwa sababu ya sahani isiyofaa hata kumlishia paka!

Aliingia jikoni kutafuta kitambaa. Kati ya jiko na sebule palikuwa na pazia tu. Alikuwa ameinama kwenye droo aliposikia sauti ya mwanamume asiyemjua, nene, iliyoshiba.

"Sahani hizi ni nzuri sana. Siku hizi hazipatikani. Mmezitoa wapi?"

"Ni za familia," sauti ya Mkubwa ilijibu. "Mama yangu alikuwa kwenye uongozi wa hoteli, miaka mingi. Walimpa kama zawadi ya heshima alipostaafu."

"Kumbe! Ningependa kumfahamu. Yuko wapi leo?"

"Kwa bahati mbaya hakuweza kuja. Hajisikii vizuri."

Mama Povu alisimama wima. Kitambaa kilikuwa mkononi. Kwenye mlango wa nyuma mkwewe alikuwa amesimama na bakuli la mchuzi. Naye amesikia kila neno, na macho yake yalikuwa yamejaa maji. Baadaye Mama Povu alisema kwamba kama mtu angemzaba kofi dakika ile asingelihisi. Ishirini na mitatu, miaka ishirini na mitatu ya kufichwa nyuma ya ukuta na wenye hoteli, hao angalau walimlipa mshahara. Huyu alimzaa mwenyewe.

Akalisogeza pazia, akaingia.

"Hamjambo, wageni wetu," alisema. "Karibuni sana. Mimi ndiye yule mama mgonjwa."

Kijiko kikaanguka mahali. Mkubwa aliinuka nusu, akabaki hivyo hivyo, si kukaa si kusimama.

"Mama..."

"Kaa, baba, wageni wasisumbuke. Nimesikia mnaulizia sahani, nikasema nije nijibu mwenyewe, kwa kuwa nimepata nafuu." Sauti yake haikupanda, na hilo ndilo lililowatisha zaidi. "Sikuwa kwenye uongozi. Nilikuwa kwenye sinki. Niliosha vyombo miaka ishirini na mitatu, na mikono ni hii hapa, mtu asije akadhani natia chumvi. Sahani hizi zilikuwa zinatupwa. Nikazichukua ili wanangu wale kama watu. Huyu mnayemwona amevaa tai alinywea uji humo kila asubuhi mpaka akamaliza shule. Hakuna heshima niliyopewa na mtu. Niliibeba mwenyewe hadi nyumbani."

Mke wa bosi alitazama mapajani. Bosi aliendelea kutafuna, polepole, kama mtu aliyekuta mfupa na anaona haya kuutoa.

"Mama, tafadhali, tutaongea baadaye," alisema Mkubwa kwa kukaza meno.

"Baadaye nitakuwa naosha. Si ndiyo mpango?" Akageukia meza. Akachukua sahani iliyokuwa mbele ya mwanawe, akarudi jikoni na kuchukua moja ya zile za plastiki, akamhamishia chakula chake chote, wali, kuku na mboga, kwa utaratibu, bila kumwaga hata punje. Akamwekea mbele. "Shika kwa mikono miwili," alimwambia. "Zinajikunja. Muulize Baba Mkubwa, yuko nje anafuta suti."

Kwenye kabati la pembeni palikuwa na sahani kumi na nane safi zilizopangwa kwa pambo tu. Alizichukua kwa mafungu mawili, akizibeba kifuani kama alivyozibeba miaka ile, akazipeleka uani. Akawapokonya watu plastiki zao, hata wale waliokuwa wanasema "Acha tu, dada, hata hii inatosha."

"Haitoshi," alisema. "Tena nyamaza, wewe unayesema inatosha. Nyinyi ndio mnaowaharibu watoto."

Akampakulia shemeji yake upya, kipaja cha kuku na mchuzi kidogo, akamwekea sahani juu ya meza ili asiishike. Kisha akakaa kando yake.

Mlango wa jikoni ukafunguliwa. Alikuwa mwalimu mstaafu, mama mzazi wa mkwewe, mwanamke mrefu wa miwani ambaye alikuwa miongoni mwa wageni wa sebuleni. Alishika sahani yake yenye chakula mkono mmoja na glasi ya maji mkono mwingine.

"Mkwe wangu, kuna nafasi?" aliuliza.

"Mkeka unatosha," Mama Povu alijibu kwa ukavu, maana bado hakujua huyu kaja kwa heri au kwa shari.

Mwalimu akavua viatu, akaketi mkekani. "Niliambiwa unaumwa," alisema. "Nilikuwa nimepanga kesho nije kukuona na matunda." Akatazama sahani yake, akatikisa kichwa. "Wameniketisha kule kama bibi harusi na mimi nakulia vyombo vya mtu aliyefungiwa uani. Nimejisikia mjinga, mkwe wangu. Mjinga kabisa."

Bosi na mkewe waliondoka kabla ya matunda kutolewa. Mkubwa hakuja uani hata mara moja. Watu wa uani walikula, waliongea kwa sauti za chini, na walipoondoka walipita pembeni mwa nyumba vilevile walivyoingia. Mama Povu hakuosha hata kijiko. Aliziacha sahani zake zote pale zilipo, chafu, na tangu azaliwe hakuwahi kufanya jambo kama hilo.

Njiani msusi alimlaumu. "Mama, umemwaibisha kaka mbele ya bosi wake. Ungemwita pembeni."

"Pembeni wapi? Pembeni ndipo nilipokuwa!"

"Lakini kazi yake..."

"Kama kazi yake inakufa kwa sababu mama yake aliosha vyombo, basi hiyo kazi ilikuwa mahututi siku nyingi."

Kwa majirani, hata hivyo, Mama Povu alimtupia lawama mkwewe. Ndivyo ilivyo rahisi kwa mama: mtoto wake hakosi, kakoseshwa. Alisema yule msichana ni mtoto wa walimu, kazoea makuu, ndiye aliyemtia mwanawe ujinga kichwani. Alisema na mengine ambayo baadaye hakupenda kuyakumbuka.

Siku ya nane mkwewe alikuja peke yake na maboksi mawili kwenye bajaji. Sahani zilikuwa zimeoshwa, zimefutwa, zimewekewa magazeti katikati. Ishirini na tano.

"Moja imenivunjikia, Mama. Nilikuwa naosha, ikaniponyoka."

"Ulijikata?"

"Kidogo."

Mama Povu hakumkaribisha kuketi, lakini msichana aliketi. Akasema alilokuja kulisema. Yeye alitaka watu wote wachanganyike, wengine sebuleni, wengine uani, sahani zote zitumike, na kama hazitoshi zitumike zao za kabatini. Mkubwa alikataa. Alinunua plastiki mwenyewe. Alipanga mwenyewe nani akae wapi. Habari za uongozi wa hoteli alikuwa ameshazieneza kazini tangu mwaka wake wa kwanza, na alichoogopa ni bosi kumpa mama mkono, akaigusa ile ngozi.

"Aliyasema hayo? Ya mkono?"

Msichana akainamisha kichwa. "Aliyasema. Na mimi nilinyamaza. Niligombana naye siku mbili, ya tatu nikachoka, nikapika. Hilo ndilo kosa langu, sina la kujitetea."

Mama Povu aliona aibu, na aibu ile ikamwongezea hasira badala ya kuipunguza, maana sasa hakubaki na mtu mwingine wa kumsingizia. Aliinuka, akachemsha chai, akamtilia mkwewe kwenye kikombe. "Nimekusema vibaya mtaa mzima," alimwambia. "Nitazunguka nyumba zile zile moja moja nikayarudishe." Na alizunguka kweli, siku iliyofuata, na gauni lake la zambarau.

Mkubwa yeye alianza kutuma salamu. Alimtuma dada yake, akamtuma mkewe, akamtuma hata binamu wa shambani. Mama Povu alizirudisha zote. "Salamu za kupokezana sizitaki. Ana miguu." Kisha ikaja zawadi, boksi kubwa la vyombo vipya vyenye ukingo wa dhahabu, limeletwa na mtu wa pikipiki. Mama Povu hakulifungua. Alimwambia yule mtu wa pikipiki ageuke nalo kama lilivyo, na kama hana mafuta ya kurudia, aisukume pikipiki.

Ikapita miezi mitatu na siku kadhaa. Mkubwa akaja asubuhi moja ya mapumziko, kwa miguu kutoka kituoni, bila mfuko wala tai. Alisimama mlangoni. Mama yake alikuwa anachagua mchele na hakuinua uso.

"Mama, nilikosea."

"Wapi?"

Hakutegemea swali. "Siku ile. Sahani..."

"Sahani ni udongo. Nakuuliza ulikosea wapi."

Mkubwa akakaa chini pale pale kizingitini. "Niliogopa," alisema. "Pale kazini kila mtu ana baba mwenye cheo. Niliogopa waseme mimi ni mtoto wa mwosha vyombo."

"Na wewe ni mtoto wa nani?"

Mchele uligongagonga ndani ya ungo. Jirani alipita na ndoo, akasalimia, hakuna aliyemwitikia.

"Wa mwosha vyombo," alisema Mkubwa.

"Haya." Mama Povu alitupa kijiwe nje, juu ya bega la mwanawe. "Nimekusikia. Lakini usidhani imeisha kwa kuwa umetamka. Hasira bado ninayo. Nitaimaliza mwenyewe kwa wakati wangu, usinisukume, wala usinitume watu."

"Sawa, Mama."

"Na kwangu umekuja kwanza, ndipo ulipokosea tena. Mimi uliniita mgonjwa. Yule mzee ulimwita si kitu. Nenda kwa Baba Mkubwa. Sasa hivi, na jua hili hili. Usinunue kitu njiani."

Mkubwa aliinuka, akapangusa suruali, akaondoka. Mama Povu alimsindikiza kwa macho mpaka kona ya duka, akamwona anasita, anatazama huku na huku, kisha anashika njia ya kwenda kwa seremala. Walichoongea huko hakukiulizia. Siku chache baadaye shemeji yake alipita kumjulia hali, naye alisema maneno mawili tu juu ya jambo hilo: "Alikuja. Tulikaa." Mama Povu akampakulia chakula, wakala, na katikati ya kula akajikuta anaanza upya kusimulia ile habari ya pazia na bosi, sauti imempanda, uso umemwiva, kana kwamba ilitokea jana.

"Shemeji," mzee alimwambia, "kula kwanza."

"Nakula," alijibu Mama Povu. "Lakini we fikiria tu. Eti hajisikii vizuri!"